Nimepanda Machame na Phoenix ya gia moja, iweje tambarare ya Münsterland ndo inimalize?

#1 Mmachame_wa_Münster
Wakuu habari. Niko Münster hapa Ujerumani, mwaka wa pili huu. Jumamosi nimechukua baiskeli yangu ya barabara (mtumba, usukani ule wa kupinda chini, tairi nyembamba kama kidole) nikasema leo naenda kuona makasri, maana kila mtu kazini anayasimulia. Nikatoka mjini nikashuka kusini mpaka Nordkirchen, nikapiga picha, nikakata magharibi mpaka Lüdinghausen kuona Burg Vischering, af nikarudi kwa Senden kufuata njia ya pembeni ya mfereji. Kilomita 78 kwa simu yangu. Mlima hakuna. Kilima hakuna. Yaani hata tuta la barabarani sijaliona.

Sasa mimi nimekulia Machame. Nilikuwa natumwa Moshi mjini na Phoenix ya mzee, gia moja, narudi napandisha na dumu la mafuta ya taa kwenye keria, na nikifika bado nakata majani ya ng'ombe. Jumamosi nimefika home nimekaa kwenye ngazi za jengo kama dk 20 nashindwa kufungua kamba za viatu. Bibi wa ghorofa ya pili akapita na mbwa wake akaniuliza kama nimeanguka.

Maswali yangu mawili. Moja, kwa nini tambarare imenichosha kuliko mlima? Mbili, kwa nini nchi iliyolala hivi kama meza imejaa ngome na makasri kila ukigeuka? Natanguliza shukrani.

#2 Kaka_wa_Ruhr
Upepo. Uzi ufungwe.

#3 FundiSpoku_Shy
Karibu Usukumani mkuu hahaha. Sisi wa Shinyanga tunajua hii kitu toka zamani, ila mkisikia Usukuma mnadhani ng'ombe tu. Huku baiskeli ndo usafiri, kuna wakati hata daladala ya Shinyanga mjini ilikuwa baiskeli, unakaa kwenye keria unapelekwa. Mlimani mtu anapanda dakika 40 anateseka, af anashuka dakika 10 miguu imelala, anapigwa na hewa, anaimba. Tambarare hakuna kushuka. Kila mita unainunua, ukiacha kukanyaga baiskeli inasimama. Wewe umekanyaga masaa mangapi?

#4 Mmachame_wa_Münster
@FundiSpoku_Shy masaa matatu na nusu hivi ukitoa kusimama.

#5 FundiSpoku_Shy
Basi zidisha mwenyewe. Ukikanyaga mara 80 kwa dakika masaa matatu na nusu ni mizunguko karibu 17,000 bila likizo. Huko Machame nusu ya njia ulikuwa abiria.

#6 Kaka_wa_Ruhr
Nusu ya njia alikuwa abiria lakini nusu nyingine alikuwa punda wa mafuta ya taa, fundi usisahau. Mi nasema ni upepo. Huku kaskazini magharibi upepo mwingi unatoka magharibi, bahari ya Kaskazini haiko mbali na katikati hakuna mlima wa kuuzuia. Mwezi wa nne huu mahindi hayajaota, mashamba yako wazi, unapigwa kuanzia kifua mpaka paji la uso.

#7 Mwl_Fizikia
Samahani wadau naingilia. @Kaka_wa_Ruhr kama upepo ulitoka magharibi basi alivyokuwa anatoka Lüdinghausen kurudi Münster anaelekea kaskazini mashariki, upepo ulikuwa unamsukuma mgongoni. Alitakiwa arudi anapiga mluzi.

#8 Mmachame_wa_Münster
Sikupiga mluzi mwalimu. Upepo ulikuwa usoni SIKU NZIMA. Kwenda usoni, kurudi usoni.

#9 Mwl_Fizikia
Ndo raha ya somo. Ukiwa unaenda 28 kwa saa na hewa imetulia tuli, unasikia upepo wa 28 usoni. Umeutengeneza mwenyewe. Na nguvu ya kuikata hewa haipandi taratibu: spidi ikienda mara mbili, nguvu inayotakiwa kwa ajili ya hewa tu ni mara nane. Ukitoka 25 kwenda 30 ni kama mara 1.7. Mlimani ulikuwa unaenda 8 au 10 kwa saa, hewa haikuhusu, ulikuwa unapigana na uzito. Tambarare umeshawishika kwenda mbio kwa sababu barabara imenyooka na lami ni kioo, na hewa ikakutoza ushuru.

#10 Kaka_wa_Ruhr
Kwa hiyo ni upepo. Asante mwalimu kwa kunithibitisha.

#11 Mwl_Fizikia
Hapana, ni hewa na spidi. Siyo upepo.

#12 Kaka_wa_Ruhr
Upepo ni hewa mwalimu 😂

#13 Kiprono_254
Wasee mnapiga hesabu na jamaa pengine alikuwa njaa tu. Buda ulikula nini asubuhi na ukabeba nini? Huku Eldoret naona vijana kila wiki, akienda Iten anajua ni kupanda, anabeba ndizi na chupa mbili. Akienda flat anasema aah hii ni flat tu, anaenda na chupa moja ya maji. Kilomita 60 mwili unazima kama simu. Miguu ipo, petroli hakuna.

#14 Mmachame_wa_Münster
Asubuhi chai na slesi mbili za ule mkate mweusi wa huku, pumpernickel. Nordkirchen nilikula keki moja ya cheri. Maji chupa moja. Baadaye nikaongeza pale Lüdinghausen.

#15 Kiprono_254
Kesi imeisha. Slesi mbili na keki, km 78. Manze hata pikipiki ingezima.

#16 Binti_Shangani
Hamjambo. Mie suala la pili ndo limenivuta, ila kwanza nataka kujua mwandishi anavyotumia neno. Kaandika ngome kisha kaandika kasri kama kitu kimoja. Sisi Unguja Ngome Kongwe ni ngome, kuta nene na minara ya kulinda, Waomani wameijenga baada ya Mreno kutolewa. Beit al-Ajaib ya jirani yake ni kasri, la fahari na kupokea wageni, halipigani na mtu. Sasa hizo zako za Ujerumani ni zipi?

#17 Mmachame_wa_Münster
Dada asante, hata wenyewe wanatofautisha. Burg ni ngome, Schloss ni kasri. Vischering ni Burg: imejikunja mviringo, kuta ndefu, imesimama katikati ya maji, unaingia kwa daraja. Nordkirchen ni Schloss, lina bustani za kupimwa kwa rula, sanamu, madirisha sijui mangapi, wanaliita Versailles ya Westfalen, yaani wanalifananisha na lile kasri la wafalme wa Ufaransa. Ila nalo lipo kisiwani limezungukwa na maji! Hapo ndo nilipochanganyikiwa, kasri la fahari linafanya nini majini?

#18 Mzee_Bonde
Sisi wa bara tuna neno la tatu, boma. Mjerumani alipofika kwetu kila alipokaa alijenga boma. Inaonekana ni tabia ya kwao.

#19 Mtafiti_Kivuli
Mada nzuri. Nilisoma Münster miaka kadhaa nyuma, niweke ninayoyajua.

Ile nchi kwa karne nyingi haikuwa na mfalme wala sultani wa ukoo, ilitawaliwa na askofu. Askofu mwenye jeshi, mahakama na kodi, mpaka Napoleon alipokuja kuvuruga mambo, 1803. Sasa askofu mkatoliki hana mtoto wa kumrithisha. Akifa, kiti kinapigiwa kura na mapadri wa kanisa kuu, na wale mapadri walikuwa watoto wa masharifu wa pale pale. Kila familia kubwa ya kijijini ilikuwa na ndoto kuwa siku moja kijana wao atakuwa mtawala. Nordkirchen ni mfano mzuri, ilianza kujengwa 1703 na askofu Friedrich Christian von Plettenberg kwa ajili ya ukoo wake. Kwa hiyo badala ya kasri moja kubwa mjini la mfalme mmoja, una familia chungu nzima kila mmoja na lake shambani.

Vischering ni hadithi nyingine kabisa. Ilijengwa 1271 na askofu aliyekuwa na ugomvi na wenyeji wa Lüdinghausen, akaipachika pale makusudi awachunge.

#20 Mzee_Bonde
Kumbe ni kituo cha polisi.

#21 Mtafiti_Kivuli
Kwa maana hiyo ndiyo mzee.

#22 Mkandarasi_Kibaha
Naheshimu historia ila nyie wasomi mnapenda siasa kwenye kila kitu. Mimi najenga, ngoja niwaambie. Ardhi tambarare ya udongo mfinyanzi, mvua nyingi, maji yako juu, ukichimba mita moja umepata kisima. Unataka kujenga nyumba nzito. Unafanya nini? Unachimba mtaro kuzunguka kiwanja, udongo unaotoka unaurundika katikati, kiwanja kinapanda juu, maji yanakaa mtaroni badala ya kukaa sebuleni. Mfinyanzi huohuo unauchoma unapata tofali. Af umepata samaki bure wa Ijumaa. Adui asipokuja nyumba bado imekauka, akija imekuwa ngome. Mlima wangekuwa nao wangejenga mlimani kama wenzao wa mto Rhein.

#23 Mmachame_wa_Münster
@Mkandarasi_Kibaha duh. Tofali kweli ni nyekundu kila mahali. Na hata nyumba za wakulima wa kawaida nimeona zina mtaro wa maji kuzunguka!

#24 Mkandarasi_Kibaha
Ndo nimesema. Mkulima gani alikuwa anangoja jeshi?

#25 Mtafiti_Kivuli
Za wakulima zipo kweli, wanaziita Gräftenhof. Lakini mkandarasi hajaeleza kwa nini Nordkirchen ya 1703, wakati mizinga ilishafanya mtaro kuwa mapambo, bado walichimba. Kuna jibu la karatasi: ili familia ikae kwenye baraza la nchi pamoja na wakubwa, ilitakiwa iwe na nyumba ya kisharifu inayotambulika, na mtaro na daraja vilikuwa ni alama ya nyumba ya namna hiyo. Ni kama sasa mtu hana ng'ombe ila kaweka geti la shamba.

Na walikuwa wakali juu ya nani ni sharifu. Kuingia kwenye lile jopo la kanisa kuu ulitakiwa uthibitishe mababu 16 wote masharifu. Matajiri wa mjini Münster walikataliwa wakaenda mahakamani mwaka 1557, kesi ikaisha 1685.

#26 Mzee_Bonde
Miaka 128. Basi kesi yangu ya kiwanja bado changa.

#27 Binti_Shangani
Hahaha mzee wallahi umenivunja mbavu. Lakini Mtafiti anasema kweli, hata kwetu mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, watu husema ni ya kuzuia tembo, ilhali Unguja tembo hakuna. Ni ya kumwambia jirani.

#28 Mkandarasi_Kibaha
Mlango haukaushi maji dada. Mtaro una kazi.

#29 Kaka_wa_Ruhr
Turudi kwenye upepo jamani.

#30 Ndizi_Bujumbura
Bonjour à tous. Mimi ni wa Bujumbura niko Ubelgiji sasa, na hapa Flanders ni hivyohivyo, tambarare na upepo. Kwetu Burundi wanaobeba ndizi wanashuka kutoka milimani na baiskeli imejaa mpaka huoni dereva, kurudi juu wanashika lori kwa nyuma. Wote tunajua ni hatari na watu wanakufa, lakini nawaambia shida ya mlima ina dawa, lori. Tambarare lori linapita linakuacha na upepo wake. Hakuna dawa.

#31 Mwl_Fizikia
Dawa ipo, ni kuwa na mwenzako mbele. Ukikaa nyuma ya gurudumu la mtu karibu, kama nusu mita hivi, unaokoa karibu theluthi ya nguvu. Ndo maana unaona wale wa mashindano wanaenda kama msafara wa siafu. Mmachame alienda peke yake, theluthi nzima imepotea hewani.

#32 Kiprono_254
Sawa mwalimu, lakini ndo maana pia sisi tunataka mlima. Pale Kigali 2025, mara ya kwanza mashindano ya dunia ya barabara kuja Afrika, zaidi ya mita 5,000 za kupanda, msafara ulikatika vipande vipande. Pogačar, yule bingwa wa Slovenia, akaondoka. Kwa flat angeshinda nani? Mtu wa kujificha nyuma ya wengine mpaka mita 200 za mwisho.

#33 FundiSpoku_Shy
Girmay wa Eritrea alipata jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, Tour de France 2024 kwa hizohizo mita 200 za mwisho, msiidharau tambarare.

#34 Kiprono_254
Hapo umenishika. Lakini Froome amezaliwa Nairobi ameshinda Tour mara nne na ni mtu wa milima 😎

#35 Mzee_Bonde
Alishinda kwa bendera ya nani?

#36 Kiprono_254
Mzee tulia.

#37 Dereva_Hamm
Naishi Hamm, naendesha gari la mizigo huko kote na Jumapili naendesha baiskeli. Nimrekebishe mleta mada, siyo kweli kwamba Münsterland haina kilima. Nenda magharibi ya Münster, Baumberge, kilele ni mita 187. Vicheko ruksa lakini ukitoka Havixbeck kupanda mpaka mnara wa Longinus unashusha gia. Mawe ya makanisa na makasri mengi yametoka pale, ni jiwe la rangi ya asali, laini kuchonga. Kule pia kuna Nottuln, kijiji kilichoungua karibu chote 1748 kikapangwa upya na mchora ramani za majengo Schlaun, huyohuyo aliyemalizia Nordkirchen. Nyumba zimekaa kama zimepigwa gwaride.

Kuhusu kuchoka mi nasema mkao. Mlimani unasimama kwenye pedali, unakaa, unasogea mbele, unarudi nyuma. Tambarare umekaa sehemu moja ya siti masaa matatu, mikono palepale, shingo palepale. Sio miguu iliyochoka, ni mtu mzima aliyechoka. Mleta mada vidole vyako vilikufa ganzi?

#38 Mmachame_wa_Münster
VIWILI VYA MWISHO. Mkono wa kushoto. Mpaka Jumapili asubuhi nashika kikombe kama cha mtu mwingine.

#39 Dereva_Hamm
Siti yako imeinama mbele, uzito wote unaangukia kwenye viganja. Pandisha pua ya siti kidogo. Bure kabisa.

#40 Kaka_wa_Ruhr
Mita 187 🤣🤣 Machame wanaita hiyo bustani.

#41 Mama_Wawili_Bielefeld
Jamani nyote mnaongelea mwili. Mie nimeendesha ile njia yao ya makasri, wanaiita ya makasri 100, kilomita kama 960 kwa jumla imegawanywa mizunguko minne, nimefanya vipande na mume wangu. Kinachochosha kule ni macho. Unauona mnara wa kanisa la kijiji kinachofuata ukiwa bado kilomita saba. Unakanyaga, mnara upo. Unakanyaga, mnara upo. Mlimani kona inakuficha, unajipa moyo nikipita ile kona nimefika. Kule hakuna cha kujidanganya. Mume wangu alikuwa anaangalia tu gurudumu langu la nyuma ili asiuone mnara.

Af na harufu ya samadi ya nguruwe wakati wa kumwaga shambani. Hiyo peke yake ni mlima.

#42 Ndizi_Bujumbura
Gurudumu la nyuma, kumbe mume alikuwa anaokoa theluthi yake 😂

#43 Mama_Wawili_Bielefeld
NIMEGUNDUA SASA HIVI. Namuuliza leo.

#44 Mgeni_Mtulivu
Naomba kuuliza, na ni makasri 100 kweli? Nani kahesabu?

#45 Mama_Wawili_Bielefeld
Ni zaidi, jina tu hilo. Mengine huwezi hata kuingia, watu wanaishi, unaona geti na gari la kawaida limepaki. Nordkirchen yenyewe ni chuo, wanasomesha maafisa wa kodi wa jimbo.

#46 Mzee_Bonde
Kwa hiyo kodi ilijenga na kodi imerudi kukaa. Mwenye nyumba kaja.

#47 Mmachame_wa_Münster
Niliwaona wanafunzi wenyewe! Wamekaa kwenye ngazi za kasri wanakula chipsi, nyuma yao sanamu. Nilidhani ni watalii.

Ila Vischering ndo ilinishika moyo. Mle ndani kuna makumbusho, na kuna kola ya chuma. Kola ya shingoni, ina miiba kwa ndani. Maelezo yanasema karne ya 16 bwana mmoja wa jirani, Lambert von Oer wa Kakesbeck, alikuwa na ugomvi wa mali na mwenzake, akaviziwa njiani akavalishwa ile kitu ikafungwa, hakuna ufunguo. Akaenda nayo hivyohivyo mpaka Münster, fundi chuma ndo akaifungua. Nikasimama pale naiangalia, af nikakumbuka na mimi narudi Münster, njia ni hiyohiyo karibu km 30, na shingo yangu inauma. Nikasema bora mimi.

#48 FundiSpoku_Shy
Mheshimiwa fundi chuma. Kila zama mafundi ndo wanawaokoa nyie wenye mali. Hebu tuletee fundi sasa: uliangalia baiskeli kabla ya kutoka? Upepo wa tairi ulipima? Inua gurudumu la nyuma lizungushe kwa mkono, useme linazunguka mara ngapi kabla ya kusimama.

#49 Mmachame_wa_Münster
Nashuka chini kwenye stoo ya baiskeli sasa hivi.

#50 Kaka_wa_Ruhr
Tunasubiri. Nimeweka ugali jikoni.

#51 Mmachame_wa_Münster
Wakuu. Gurudumu la nyuma limezunguka mara mbili na nusu likasimama. Nimeinama na tochi, kipande cha mpira wa breki upande wa kulia kinagusa rimu. Siyo sana. Ukizungusha unasikia shhh… shhh… kila mzunguko. Na kwenye madigadi kuna tope limekauka gumu kama saruji, lile la trekta, njia za mashambani zilikuwa zimejaa. Tairi la nyuma nimeminya kwa kidole limebonyea.

#52 FundiSpoku_Shy
😂😂😂😂😂

#53 Mkandarasi_Kibaha
Watu tumekesha hapa na askofu.

#54 Kiprono_254
Alitembea na breki imeshikwa km 78. Huyu anatakiwa Kigali.

#55 Mwl_Fizikia
Msicheke haraka. Mpira unaogusa kidogo kwa mzunguko mara moja unakula nguvu chache, tairi laini linakula zaidi, lakini vyote pamoja havifikii hewa kwa spidi ya 25 au 28. Na breki ya Phoenix ya mzee ilikuwa inagusa pia, nina uhakika, zote zinagusa.

#56 Mmachame_wa_Münster
Ya mzee haikuwa na breki ya nyuma mwalimu. Tulikuwa tunatumia soli ya kandambili.

#57 Kaka_wa_Ruhr
Mwalimu karudi upande wangu. Upepo 1, breki 0.

#58 Dereva_Hamm
Bado sijasikia mtu kajibu vidole viwili vya ganzi kwa breki au kwa upepo.

#59 Binti_Shangani
Wala hakuna aliyejibu kwa nini kasri la mapambo lichimbiwe mtaro upana ule, na mkandarasi kanyamaza.

#60 Mkandarasi_Kibaha
Sijanyamaza niko saiti. Nimesema na narudia, maji yakiwa juu mtaro ni lazima, urembo umekuja baadaye umedandia. Mtu akishalazimika kuwa na bwawa mlangoni ataliita la fahari.

#61 Mtafiti_Kivuli
Na mimi nasema kinyume, waliutaka mtaro kwanza af udongo ukawapa nafasi. Mjini Münster wenyewe ukuta wa ulinzi walipoubomoa wakafanya njia ya miti kuzunguka, kama kilomita nne na nusu, leo ni ya baiskeli na watembea kwa miguu. Ukuta waliuacha kwa sababu haukuwa na kazi tena. Mitaro ya makasri hawakuifukia. Jiulize.

#62 Mkandarasi_Kibaha
Fukia uone sebule itakavyojaa.

#63 Mgeni_Mtulivu
Samahani tena, mleta mada mwingine niliona kaandika "Leeze" kwenye picha yake ya baiskeli. Leeze ni nini?

#64 Mmachame_wa_Münster
Ni baiskeli kwa lugha ya mitaani ya Münster, hutaisikia Berlin. Na kwenda kutembea na baiskeli vijijini wanaita Pättkestour, pättken ni vinjia vidogo vya katikati ya mashamba. Ukiuliza njia kwa mzee kijijini ukasema neno hilo anacheka, anakuacha uingie mpaka uani kwake kujaza maji.

#65 Mama_Wawili_Bielefeld
Nimemuuliza mume. Anasema "nilikuwa nakulinda kwa nyuma".

#66 Kaka_wa_Ruhr
🤣🤣🤣 na askofu naye alikuwa anawalinda wa Lüdinghausen.

#67 Mmachame_wa_Münster
Mrejesho wakuu, wiki mbili baadaye. Nimefanya yote mliyosema kwa pamoja. Breki nimeikaza, tope nimelikwangua na bisibisi, tairi nimejaza, pua ya siti nimeinua kidogo, nimekula uji wa shayiri na mayai, nimebeba ndizi nne, na nimezunguka kinyume: asubuhi nimeanzia Senden, Lüdinghausen, halafu Nordkirchen, ili upepo wa magharibi nikutane nao asubuhi miguu ikiwa mipya.

Vidole safi. Njaa hakuna. Gurudumu halisemi kitu.

Upepo umegeuka saa tano umetoka mashariki kaskazini. Kuanzia Nordkirchen mpaka mlangoni kwangu, usoni. Nimekaa kwenye ngazi dk 15 safari hii. Bibi wa ghorofa ya pili kapita na mbwa, hakuuliza kitu, kaniletea glasi ya maji.

#68 Kaka_wa_Ruhr
Nilisema toka post ya pili.

#69 Mwl_Fizikia
Spidi ya wastani ilikuwa ngapi?

#70 Mmachame_wa_Münster
29.

#71 Mwl_Fizikia
Mara ya kwanza ulikuwa kama 22. Sasa unalalamika nini? Umenunua spidi umelipa.

#72 FundiSpoku_Shy
Lete picha ya mpira wa breki wa kulia. Usije ukawa umekaza upande mmoja tu.